Chema hakijiuzi gizani: Biashara ndogo na haja ya tovuti yake yenyewe

MNAMO Machi 2024, kampuni ya Google ilizima tovuti zote za bure ambazo wafanyabiashara wadogo kote ulimwenguni walikuwa wametengeneza kupitia huduma yake ya Google Business Profile.

Kwa miezi michache, mteja aliyebonyeza anwani ya tovuti hizo alielekezwa kwenye maelezo mafupi ya biashara husika katika ramani ya Google. Kuanzia Juni 10 mwaka huo, hata njia hiyo ya mkato ilifungwa. Aliyebonyeza alipokewa na ujumbe kwamba ukurasa alioutafuta haupo.

Hapakuwa na hila yoyote. Google ilitoa ilani mapema na kuwashauri wenye biashara watafute mahali pengine pa kujenga. Hata hivyo, kwa mwenye duka aliyekuwa ameichapisha anwani hiyo kwenye kadi zake, kwenye mifuko ya kufungia bidhaa na kwenye bango lililo juu ya mlango, hasara haikuwa ndogo. Alikuwa amejenga, lakini kiwanja hakikuwa chake.

Kisa hicho kinaibua swali ambalo wafanyabiashara wengi humu nchini hawajajiuliza kwa dhati. Je, mtu mwenye duka dogo, karakana au saluni anayetaka kuonekana kwenye intaneti ajenge wapi, na ajenge nini?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa kwa soko ambalo mnunuzi hupita na kuona kwa macho yake. Katika soko la intaneti, bidhaa isiyoonekana haina wema wala ubaya. Ni kana kwamba haipo.

Viwanja vya watu

Safari ya biashara ndogo za Kenya mtandaoni ilipata kasi mwaka 2009, waya wa TEAMS ulipofika Mombasa kupitia chini ya bahari na ule wa SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo. Kabla ya hapo, mawasiliano ya intaneti ya nchi yalitegemea setilaiti, na gharama yake iliwaacha nje wafanyabiashara wengi.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2011, Google ilizindua mpango wa kuwaingiza wafanyabiashara wa Kenya mtandaoni kwa kuwapa tovuti za bure. Ilishirikiana na Safaricom, benki ya Equity na KENIC, shirika linalosimamia anwani zinazoishia kwa .ke.

Mpango huo haukukosa dosari. Januari 2012, kampuni ya Mocality, iliyokuwa imekusanya orodha kubwa ya biashara za Kenya, ililalamika kwamba watu waliofanya kazi katika mradi huo wa Google walikuwa wakitumia orodha hiyo kuwatafutia wateja wao, tena wakidai kwamba kampuni hizo mbili zinashirikiana. Google iliomba radhi hadharani. Mocality yenyewe ilifunga milango mwaka 2013, na orodha ambayo maelfu ya wafanyabiashara walikuwa wakiitegemea ikatoweka.

Mwaka 2019, soko la OLX nchini lilinunuliwa na Jiji na jina lake likafifia. Oktoba 2022, Sky.Garden, soko la mtandaoni lililowavutia wauzaji wadogo, lilitangaza kuwa linafunga kabla ya kunusuriwa na mnunuzi. Nayo mitandao ya kijamii ilitoa onyo lake Oktoba 4, 2021, ambapo Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa akipokea oda zake zote humo alibaki akitazama simu kimya.

Hakuna ubaya kupanga bidhaa katika soko la mwingine. Hata sokoni Gikomba au Kongowea, wengi huuza wakilipia nafasi. Tofauti ni kwamba anayeondolewa kibandani huondoka na bidhaa zake na huweza kuwaambia wateja wake anakohamia. Anayeondolewa mtandaoni mara nyingi hupoteza picha, majina ya wateja, sifa alizopewa na anwani waliyoizoea, yote kwa siku moja.

Ukubwa wa pengo lililopo unadhihirika kwa takwimu mbili. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na ni takriban milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Kwa upande mwingine, anwani zote zilizosajiliwa chini ya .ke ni zaidi ya 100,000 tu, na hizo zinajumuisha shule, makanisa, mashirika na idara za serikali. Hata ukiongeza wanaotumia anwani za .com, wenye tovuti zao wenyewe bado ni wachache mno.

Anayepita na anayetafuta

Wapo wanaouliza tovuti ni ya kazi gani ilhali WhatsApp, Facebook na TikTok zinaleta wateja na M-Pesa inapokea malipo. Hoja hiyo ina uzito. Muuza mboga wa mtaani anayewajua wateja wake kwa majina hahitaji tovuti. Fundi viatu anayekaa kituo cha matatu tayari yuko mahali ambapo macho yote hupita.

Lakini ipo tofauti kubwa kati ya mteja anayepita na mteja anayetafuta. Anayevinjari Facebook hakuja kununua. Amekuja kupumzika, na tangazo humkuta njiani. Kesho yake tangazo hilo limezama chini ya mengine mia. Anayeandika kwenye Google kwamba anatafuta fundi wa friji Buruburu, kwa upande wake, ana friji iliyoharibika, chakula kinachooza na pesa mkononi. Huyo haulizi kama anunue. Anauliza amwendee nani.

Mfano mwingine ni mwenye duka la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa. Wanaomjua ni wakazi wa mji na wageni wanaofika. Lakini wapo Waswahili waishio Muscat, London na Toronto wanaohitaji leso za harusi na hawana jamaa wa kuwatuma dukani. Hao hawawezi kumkuta njiani. Watampata tu ikiwa ameandika, mahali panaposomwa na mitambo ya utafutaji, kwamba anauza leso, za aina gani, kwa bei gani, na kwamba huzituma ng'ambo.

Jinsi mtambo unavyosoma

Wengi huichukulia Google kama uchawi, na hapo ndipo walaghai wanapopata riziki. Kwa hakika, namna mtambo wa utafutaji unavyofanya kazi si siri.

Kwanza, programu zake huzunguka intaneti usiku na mchana zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, husoma maneno yaliyomo na kuyaweka katika faharasa, mfano wa ile inayopatikana nyuma ya kitabu. Tatu, mtu anapouliza swali, mtambo huchagua kurasa zinazoelekea kulijibu vyema na kuzipanga kwa daraja. Tovuti njema, basi, ni ile inayofikika, inayoeleweka na inayoaminika.

Kasoro ya kwanza ya tovuti nyingi za biashara ndogo ni kutosema zinauza nini. Ukurasa wa mbele hubeba kichwa kimoja tu, "Karibu", kisha aya ndefu kuhusu dira na maono ya kampuni. Mtambo ukiusoma ukurasa huo hauoni leso wala friji. Kichwa kinachosema "Leso na vikoi kwa jumla na rejareja, Mtaa wa Biashara, Mombasa" hufanya kazi kubwa kuliko aya kumi za kujisifu.

Kasoro ya pili ni kutumia lugha ya ofisini badala ya lugha ya mteja. Mtu mwenye friji mbovu hatafuti mtoaji wa suluhu za upoezaji. Anatafuta fundi wa friji. Mwenye biashara anayesikiliza maneno ambayo wateja humwambia kwa simu, kisha akayaandika jinsi yalivyo, tayari amefanya nusu ya kazi ambayo wengine hutoza maelfu ya shilingi kuifanya. Kwa kuwa Wakenya hutafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kurasa za lugha zote mbili huwafikia wengi zaidi.

Kasoro ya tatu ni kurundika kila kitu mahali pamoja. Seremala anayetengeneza vitanda, makabati ya jikoni na milango angefaa kuwa na ukurasa wa kila kimoja, wenye picha za kazi aliyoifanya, vipimo, aina ya mbao, muda unaohitajika na bei au angalau kiwango cha bei. Anayetafuta kabati la jikoni hataki kupitishwa kwenye vitanda.

Kasoro ya nne ni kuficha habari ndani ya picha. Wafanyabiashara wengi huchukua bango lililochorwa vizuri, lenye bei na nambari ya simu, na kulibandika kwenye tovuti lilivyo. Jicho la binadamu hulisoma, lakini mtambo huenda usiyaelewe maandishi yaliyomo, na mteja hawezi kuibonyeza nambari hiyo ili apige simu. Bei, anwani na nambari ya simu ni lazima ziandikwe kama maandishi ya kawaida.

Kasoro ya tano ni uzito. Wateja wengi wa Kenya huingia mtandaoni kwa simu ya mkononi, wakitumia data waliyoinunua kwa kipimo. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo humlazimu mteja kutumia megabaiti 30 hadi 40 kabla ya kuona bei. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa mzima huwa megabaiti mbili na ubora unaoonekana kwenye simu haupungui sana.

Suala hilo la simu haliwahusu wateja pekee. Tangu mwaka 2018, Google ilianza kuzipima tovuti kwa sura inayoonekana kwenye simu badala ya ile ya kompyuta, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa imekamilisha mabadiliko hayo. Tovuti inayopendeza kwenye kompyuta ya fundi aliyeitengeneza, lakini maandishi yake hayasomeki kwenye simu, imejengwa kwa ajili ya fundi huyo.

Kwa biashara zinazotegemea wateja wa karibu, lipo jambo jingine. Maelezo ya biashara kwenye ramani ya Google bado hutolewa bila malipo, licha ya tovuti zake kuzimwa. Google yenyewe hueleza kwamba matokeo ya aina hiyo hupangwa kwa kuzingatia mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na swali, umbali wake kutoka kwa anayeuliza, na umaarufu wake. Jina, mahali na nambari ya simu vinapaswa kufanana kwenye ramani, kwenye tovuti na kwenye mitandao ya kijamii. Zikitofautiana, mteja na mtambo wote huingiwa na shaka.

Wauza ndoto

Pale penye kiu hapakosi wauza maji machafu. Siku hizi ni kawaida kwa mwenye biashara kupigiwa simu na mtu anayeahidi kumfikisha nafasi ya kwanza kwenye Google kwa wiki mbili, mradi alipe kwanza.

Google imesema wazi katika maelekezo yake kwamba hakuna mtu awezaye kutoa hakikisho la nafasi ya kwanza. Aidha, kulipia matangazo yake hakupandishi daraja la tovuti katika matokeo ya kawaida. Ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya kwa makusudi anamhadaa mteja wake.

Historia ya hila hizo ni fupi na ya kusikitisha. Wapo waliokuwa wakirundika maneno ya utafutaji katika sehemu iliyofichika ya ukurasa, hadi Google ilipotangaza Septemba 2009 kwamba haiyatazami maneno hayo katika kupanga matokeo yake. Wapo walioandika kurasa nyingi zisizo na maana, wakakumbwa na mabadiliko yaliyoitwa Panda mwaka 2011. Walionunua viungo bandia nao walikumbwa na yale yaliyoitwa Penguin mwaka 2012. Machi 2024, mwezi uleule tovuti za bure zilipozimwa, zilitangazwa kanuni mpya dhidi ya wanaozalisha maandishi kwa wingi ili kuuhadaa mtambo, yawe yameandikwa na watu au na mashine.

Kila mara, aliyeumia zaidi hakuwa yule aliyeuza hila, kwani huyo tayari alikuwa amelipwa. Aliyeumia ni mwenye biashara ambaye tovuti yake iliporomoka bila kujua sababu.

Hati ya kiwanja

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halimo katika maandishi wala picha. Limo katika umiliki.

Anwani inayoishia kwa .co.ke hugharimu takriban shilingi elfu moja kwa mwaka, na tangu 2017 inawezekana pia kusajili jina linaloishia kwa .ke moja kwa moja. Usajili hufanywa kupitia kampuni zilizoidhinishwa na KENIC. Nafasi ya kuihifadhi tovuti ndogo hugharimu shilingi elfu kadhaa kwa mwaka. Cheti cha usalama, kinachokinga mawasiliano ya mteja na kuzuia simu yake isimwonye kwamba tovuti si salama, kimekuwa kikipatikana bure kupitia Let's Encrypt kwa takriban mwongo mmoja.

Tatizo ni kwamba wengi humwachia fundi wa tovuti kila kitu. Fundi husajili anwani kwa jina lake mwenyewe, kwa baruapepe yake na kwa nenosiri analolijua peke yake. Siku wawili hao wanapokosana, au fundi anapohamia kazi nyingine, mwenye biashara hugundua kwamba hana hati ya kiwanja alichokilipia. Isitoshe, anwani isipolipiwa mwaka unapokwisha huzimwa, na hatimaye mtu mwingine huweza kuichukua.

Kinga yake ni nyepesi. Anwani isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, nenosiri liwe mkononi mwake, tarehe ya malipo iandikwe pale anapoandika ile ya kodi ya duka, na nakala ya tovuti nzima ihifadhiwe mahali pengine. Makubaliano na fundi yawe kwa maandishi, hata kama fundi ni mpwa.

Sheria nayo haijakaa kando. Tovuti inayokusanya majina na nambari za simu za wateja iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Katika sekta nyingi, biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imeondolewa wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini haijaondolewa wajibu wa kuzitunza siri za wateja wake.

Mbele kuna nini?

Tangu mwaka 2024, Google imekuwa ikiweka juu ya orodha ya matokeo muhtasari uliotungwa na akili bandia. Anayeridhika na muhtasari huo huenda asibonyeze tovuti yoyote. Baadhi ya watu wameanza kutangaza kifo cha tovuti kwa sababu hiyo.

Hofu hiyo ina msingi kwa wanaoishi kwa kuandika majibu ya maswali ya jumla. Kwa seremala na muuza leso, hali ni tofauti. Muhtasari hauwezi kutengeneza kabati, na ili mashine imtaje seremala wa Umoja, ni sharti iwe imesoma mahali fulani kwamba yupo, anafanya nini na anapatikanaje. Mahali pa kuaminika zaidi pa kuyasema hayo ni kwenye tovuti yake.

Serikali pia ina nafasi yake. Kupitia mpango wa Ajira Digital ulioanzishwa mwaka 2016, vijana wamekuwa wakifunzwa kazi za mtandaoni, nyingi zikiwa za waajiri wa ng'ambo. Hakuna kinachozuia ujuzi huohuo kuelekezwa sokoni Kibuye au Kongowea, ambako wapo wenye bidhaa na wasio na wa kuwaandikia. Kaunti zinazowatoza wafanyabiashara ada za leseni kila mwaka zingeweza kuwarejeshea sehemu ndogo ya ada hizo kama mafunzo.

Wenye biashara nao hawana budi kupima mafanikio kwa kipimo sahihi. Idadi ya waliotembelea tovuti hailipi kodi. Kinachofaa kuhesabiwa ni simu zilizopigwa na oda zilizotokana nazo, na kumwuliza kila mteja mpya alikopata habari hakuhitaji mtambo wowote. Kwa anayetaka zaidi, huduma ya bure ya Search Console humwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kumfikia. Mara nyingi maneno hayo humfunza jambo kuhusu biashara yake.

Haya yote huchukua muda. Tovuti mpya huweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kuanza kuleta wateja wa maana, na asiyekuwa na subira huiacha ikichakaa, ikiwa na bei za mwaka juzi na nambari ya simu isiyopatikana. Tovuti ya namna hiyo ni afadhali isingalikuwapo, kwa kuwa humwambia mteja kwamba duka limefungwa.

Wale waliopoteza tovuti zao mwaka 2024 hawakupotezwa na uvivu. Walifanya walivyoshauriwa, wakajenga mahali palipokuwa bure. Ghali haikuwa tovuti bali kule kuhama, na kuwaeleza upya wateja wote njia ya kufika. Kurasa tano zilizoandikwa kwa lugha ya mteja, kwenye anwani inayolipiwa na mwenyewe, zinagharimu kwa mwaka mzima chini ya kodi ya mwezi mmoja ya vibanda vingi vya Nairobi. Siku soko la mwingine likifungwa tena, mwenye anwani hiyo atakuwa na mahali pa kuwaelekeza wateja wake.